UZI: Kwenye kopo la jodari kuna dawa gani?

1.
Uzi wa leo ni mrefu, chukua chai kabisa.

Kila nikigusia jodari wa kopo kama mboga ya haraka, inboksi inajaa swali lile lile: "Nesi, samaki anakaa miaka bila friji na haozi, hapo si kuna dawa?" Wengine wanaitaja kabisa hiyo dawa, eti ni ile ya kuhifadhia maiti.

Nalichukulia swali hili kwa uzito, maana mtu akishaamini hivyo anafanya moja kati ya mambo mawili. Ama anamnyima mtoto chakula kizuri cha kujenga mwili ambacho angeweza kukimudu mara moja moja. Ama anasema "si kina dawa, hakiharibiki", halafu anaacha kopo lililofunguliwa mezani mpaka kesho yake mchana na wanakula tena. Hao wa pili ndio tunaokutana nao hospitali wakitapika.

Jibu fupi: geuza kopo, usome ubavuni. Jodari, maji au mafuta, chumvi. Mengine yana mchuzi wa mboga kidogo. Basi. Kinachomlinda yule samaki ni moto, tena moto wenye namba: nyuzi joto 121. Manesi wenzangu hapo mmeshatabasamu, mnaijua hiyo namba. Tutaifikia.

Jibu refu lina miaka zaidi ya mia mbili, na watu wamekufa ndani yake.

2.
Tuanzie Ufaransa, miaka ya 1790. Kuna bwana anaitwa Nicolas Appert, kazi yake mpishi na mtengeneza vitu vitamu. Hakuwa mwanasayansi. Alichukua chupa za kioo, akajaza chakula, akaziba kwa kizibo na kukaza kwa waya, kisha akazichemsha ndani ya maji kwa muda mrefu. Nyama, njegere, maziwa, matunda. Jeshi la majini la Ufaransa likazijaribu chupa zake baharini na chakula kikarudi salama. Mwaka 1810 alichapisha kitabu kinachoeleza kila hatua, na serikali ikampa faranga 12,000 kwa sharti hilo hilo, aweke siri yake wazi kwa kila mtu.

Appert hakujua kwa nini njia yake inafanya kazi. Wasomi wa wakati wake walidhani adui ni hewa. Kwamba kuna viumbe wadogo wanaoozesha chakula, na kwamba moto ndio unawaua, hilo lilikuja kuelezwa vizuri na Louis Pasteur zaidi ya miaka hamsini baadaye. Yaani watu walikula chakula cha Appert nusu karne nzima bila mtu kujua kinatunzwa na nini. Kwa hiyo ukiniambia hujui kopo linafanyaje kazi, usione aibu.

Mwaka ule ule wa 1810, London, Peter Durand akapata hataza iliyotaja vyombo vya bati, na kufika 1813 kiwanda cha Bryan Donkin kilikuwa kinalipatia jeshi la Uingereza nyama ya kopo. Makopo yenyewe mazito kweli kweli. Kuna kopo la nyama ya ndama lililosafiri na msafara wa Parry kwenda Aktiki mwaka 1824, limeandikwa maelekezo: kata juu kwa patasi na nyundo. Marekani, hataza ya kifungua kopo ilitolewa mwaka 1858. Hebu fikiria, watu wanauziwa chakula karibu miaka hamsini bila ufunguo wake! Na sisi tunalalamika ile pete ya kuvutia ikikatika.

3.
Sasa tuingie kwenye kazi yangu.

Januari 1852, huko Gosport, Uingereza, wakaguzi wa jeshi la majini walifungua mamia ya makopo ya nyama yaliyoletwa na mkandarasi Stephen Goldner. Mengi yalikuwa yameoza, harufu haivumiliki, sakafu ikabidi imwagiwe dawa. Sababu mojawapo iliyotajwa ni ukubwa wa makopo. Kopo dogo likichemshwa, joto linafika mpaka katikati. Kopo kubwa likichemshwa muda ule ule, nje kumeiva na katikati bado.

Wanaofanya kazi chumba cha kutakasia vifaa wanalijua hili kwa mikono yao. Ukishindilia dramu la shashi na nguo za upasuaji mpaka likajaa sana, mvuke haufiki katikati. Tepu ya nje itageuka nyeusi vizuri, ukadhani kazi imeisha, kumbe ndani hakujatakata.

Tatizo la pili ni maji yenyewe. Maji yakichemka kwenye sufuria ya kawaida yanaishia nyuzi 100, hata ukiongeza kuni hayapandi. Na kuna bakteria ambao wakibanwa wanajifungia ndani ya ganda gumu, wanakuwa spora. Spora nyingine zinavumilia maji yanayochemka kwa saa kadhaa, zikitoka hapo zinaamka na kuendelea na maisha. Kuzipata kwa haraka unahitaji mvuke uliobanwa, kama kwenye sufuria ya presha.

Mwaka 1874, Baltimore, Andrew Shriver alipata hataza ya jiko la mvuke uliobanwa kwa ajili ya makopo. Mwaka 1879, Paris, Charles Chamberland aliyekuwa akifanya kazi na Pasteur akatengeneza otoklevu, mama wa hizi tulizonazo hospitali. Kiwanda cha chakula na chumba cha upasuaji vikawa vinatumia silaha moja.

Lakini dakika ngapi? Hapo wenye viwanda walikuwa wanakisia, na makopo yalikuwa yanavimba ghalani. Miaka ya 1895 na 1896, William Lyman Underwood, ambaye familia yake ilikuwa na kiwanda cha makopo Boston, alikwenda chuo cha MIT kuomba msaada maana makopo yake ya kome yalikuwa yanaharibika. Akapewa kijana mmoja wa kemia, Samuel Cate Prescott. Wale wawili wakakaa na yale makopo, wakaotesha bakteria waliomo, wakapima joto linavyosafiri mpaka katikati ya kopo. Wakaonyesha kwamba bakteria wale wanahimili maji ya kuchemka lakini wanakufa kwenye nyuzi 121 kwa dakika 10.

Ndiyo namba yetu. Nyuzi 121, dakika 15, presha paundi 15: kila mwanafunzi wa uuguzi ameikariri. Mkasi unaomkatia mtoto kitovu na jodari unayemla na chapati wamepita moto wa aina moja.

4.
Kuna bakteria mmoja anayefanya namba hii isiwe jambo la kubahatisha.

Desemba 1895, kijiji cha Ellezelles, Ubelgiji. Wanamuziki waliopiga kwenye mazishi wakala paja la nguruwe lililohifadhiwa kwa chumvi, halikupikwa. Wengi wakaugua, watatu wakafa. Daktari Émile van Ermengem alichunguza ile nyama na miili ya marehemu, akamtoa bakteria ambaye leo anaitwa Clostridium botulinum. Anapenda mahali pasipo hewa, pasipo ukali wa ndimu au siki. Sasa fikiria ndani ya kopo la samaki kukoje. Ni kama amejengewa nyumba.

Ugonjwa wake nataka muujue japo ni nadra. Kope zinaanguka. Macho yanaona vitu viwili viwili. Kumeza kunashindikana, sauti inakuwa nzito, halafu udhaifu unashuka: shingo, mikono, kifua, miguu. Homa hana. Akili yake iko timamu, anakusikia kila unachosema, ila hawezi kukujibu wala kuvuta pumzi. Anayemwokoa ni mashine ya kupumulia, dawa ya kupinga sumu ikipatikana mapema, na wauguzi wa kumgeuza kila baada ya saa mbili kwa wiki nyingi.

Mwaka 1919 na 1920 Wamarekani walikufa katika majimbo kadhaa kwa kula zeituni zilizofungashwa California. Watu wakaanza kuogopa makopo yote, na viwanda vikaona vinakufa. Wakachanga fedha za utafiti, daktari wa mifugo Karl Friedrich Meyer akausimamia, na mwaka 1925 California ikapitisha sheria ya kuwaweka wakaguzi wa serikali viwandani kuangalia joto na muda. Sipendi kuwasifu wenye viwanda bure: vifo vilikuja kwanza, sheria ikafuata.

Siku hizi kwa chakula kisicho na uchachu, kipimo cha chini kabisa ni moto unaolingana na dakika 3 za nyuzi 121 katikati kabisa ya kopo. Katikati, siyo pembeni. Gosport ilishafundisha.

5.
Mpaka hapa jodari mwenyewe hajatokea. Naona wengine mnaanza kusinzia, haya.

San Pedro, California, mwaka 1903. Biashara pale ilikuwa dagaa wa kopo aina ya sardini, na mwaka huo waliadimika. Albert Halfhill ana kiwanda, ana makopo matupu. Akajaribu albakora, jodari mwenye nyama nyeupe ambaye wavuvi wa pale hawakumthamini. Akagundua ukimpika kwanza kwa mvuke, mafuta yake makali yanatoka, nyama inabaki nyeupe na ladha yake tulivu, inafanana na kuku. Alitoa makasha kama 700 tu mwaka ule.

Neno "kuku" ndilo lililouza. Mmarekani wa kawaida hakuwa mlaji wa jodari, lakini kuku ilikuwa mboga ya Jumapili, ya gharama. Mpaka leo kuna chapa ya Chicken of the Sea, kuku wa baharini. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, jeshi likataka makopo kwa wingi, na jodari akawa ameshaingia nyumbani. Albakora walipoadimika pwani ile katikati ya miaka ya 1920, viwanda vikahamia kwa jodari wa pezi la njano na sehewa, ambao nyama yao ina rangi kidogo. Makopo mengi unayoyaona dukani leo ni sehewa.

Nani alikuwa anafanya kazi hiyo? Wavuvi wengi stadi walikuwa Wajapani waliohamia California, waliovua kwa mwanzi na ndoana, samaki mmoja mmoja. Kijiji chao kilikuwa kwenye kisiwa cha Terminal, karibu na San Pedro. Wake zao walisafisha samaki viwandani. Meli ikifika, hata usiku wa manane, filimbi ya kiwanda inalia nao wanaamka wanakwenda. (Mtu wa zamu za usiku namwelewa mwenzangu.) Februari 1942, baada ya Japani kushambulia Pearl Harbor, wakazi wale, karibu 3,000, walipewa saa 48 kuondoka. Waliuza mashine za kushonea, majokofu na nyavu kwa bei ya kutupa. Wakapelekwa makambini, na kijiji kikabomolewa.

Nalisema hili kwa sababu tunaita jodari wa kopo "chakula kisicho na kazi". Kazi ipo, imefanywa na mtu mwingine. Samaki anapikwa kwa mvuke akiwa mzima, anapoozwa, halafu mikono, hasa ya wanawake, inavua ngozi, inatoa mifupa, inakwangua ile nyama nyeusi ya damu ambayo huenda kwenye chakula cha paka. Ndipo anajazwa kwenye kopo, anafungwa, anapigwa moto wa pili.

6.
Mwaka 1934 kampuni ya Campbell's ikaleta supu ya uyoga ya kopo, nzito kama mchuzi. Ulikuwa wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi Marekani, nyama ni ghali. Mama wa nyumbani anachemsha tambi, anamwaga kopo la supu, kopo la jodari, konzi ya njegere, anachanganya kwenye bakuli la oveni, juu ananyunyiza chembe za mkate au viazi vya kukaanga vilivyovunjwavunjwa, anaoka mpaka juu kukauke. Familia ya watu watano imekula na hakuna aliyekwenda sokoni. Wakati wa Vita vya Pili samaki wa kopo waliingia kwenye mgao, vita vilipoisha kile chakula kikarudi kwa nguvu, kikawa chakula cha Ijumaa kwa Wakatoliki na cha kupeleka kwa jirani aliyefiwa.

Niliwahi kukipika. Kwa ulimi wangu kinahitaji ndimu na pilipili mbili kukiokoa.

Ila naona walichokielewa wale kina mama. Ukiacha tambi, hakuna kitu mle kilichohitaji kuiva, vingine vilikuwa vimeshaiva kiwandani. Mama alikuwa anapasha moto na kuunganisha tu. Jikoni kwake kulihitaji kopo liwe salama asilimia mia, kwa sababu yeye hakuwa anapika vya kutosha kurekebisha kosa la mtu. Na mkate wa jodari na mayonizi ndiyo kabisa, haupiti motoni hata kidogo.

7.
Mwaka 1963, Detroit, wanawake wawili walikula jodari wa kopo na wakafa kwa botulizimu. Lawama iliangukia mshono wa kopo. Moto unaweza kuwa umefanya kazi yake yote, lakini mshono ukiwa na mwanya mdogo usioonekana, kopo likipoa linavuta maji ya nje na vilivyomo. Mwaka 1971 mtu mwingine akafa New York kwa supu ya viazi ya kopo, na mwaka 1973 Marekani ikatoa kanuni kali za nchi nzima kwa vyakula vya kopo visivyo na uchachu.

Kwa hiyo nikikwambia usinunue kopo lililobonyea kwenye ukingo, siyo ushamba wa nesi. Ni wale wawili.

8.
Tusidhani jodari aliyehifadhiwa ni uvumbuzi wa Wazungu. Ibn Battuta, aliyepita Kilwa mwaka 1331, alifika Maldivi mwaka 1343 na akaeleza samaki wa kule: anakatwa vipande vinne, anachemshwa kidogo, anafukizwa moshi mpaka akauke, anasafirishwa India, China na Yemen. Anakuwa mgumu kama kipande cha mti, na anakaa. Bado wanatengeneza. Na chai yao ya asubuhi ni mas huni: jodari aliyechambuliwa, nazi iliyokunwa, kitunguu, pilipili, ndimu, vyote vinafinywa pamoja kwa mkono na kuliwa na mkate mwembamba unaofanana na chapati yetu. Siku hizi wengi wanatumia wa kopo. Mtu wa pwani yetu akikijaribu hatahitaji kutafsiriwa.

Miaka ya 1980 meli kubwa za Ufaransa na Hispania ziliingia maji haya ya magharibi mwa Bahari ya Hindi, na mwaka 1987 Shelisheli ikafungua kiwanda cha jodari Victoria, ambacho kimekuja kuwa miongoni mwa vikubwa duniani. Yaani samaki anavuliwa bahari yetu, anakwenda kwenye meza za Ulaya, na sisi ukigeuza kopo la dukani mara nyingi limeandikwa Tailandi. Hilo lina uzi wake, tutagombana siku nyingine.

9.
Turudi jikoni sasa, nijibu maswali.

Kopo lililovimba, linalovuja, lenye kutu iliyokula bati, au lililobonyea kwenye mshono: tupa. Usionje "kuhakikisha". Sumu ya botulizimu haina lazima inuke.

Ukishafungua, zile nyuzi 121 zimekwisha kazi. Dakika hiyo ni samaki aliyepikwa kama mwingine yeyote, na bakteria wa kijiko chako, wa nzi na wa hewa wanaanza upya. Mwenye friji amhamishie kwenye bakuli lenye mfuniko, amalize ndani ya siku 3 au 4.

Kuna jambo moto hauliwezi: histamini. Jodari akikaa juani kabla ya kupoozwa, bakteria wanaizalisha ndani ya nyama, na hata umpike kwenye otoklevu haitoki. Mtu anakula, ndani ya saa moja uso unawaka mwekundu, kichwa kinagonga, moyo unaenda mbio, mwili unawasha. Wengi wanaandikiwa "mzio wa samaki" maisha yao yote kumbe ilikuwa samaki aliyechelewa barafu. Jodari akikuchoma ulimi kama pilipili na hujaweka pilipili, acha kula. Pumzi ikibana, kimbia hospitali.

Wajawazito: moto hauondoi zebaki pia. Ila sehewa ni mdogo na ana zebaki kidogo kuliko albakora. Ushauri wa mamlaka za Marekani ni kwamba wa kawaida huyu mwenye rangi unaweza kumla mara 2 au 3 kwa wiki, albakora mara 1. Mama mjamzito anahitaji samaki, msimnyime kwa uvumi.

Wa presha: chagua aliye kwenye maji, mwaga maji yake, msuuze kwa maji safi kwenye chujio. Chumvi nyingi inaondoka. Halafu usiongeze nyingine, tafadhali, nawajua.

Na mapishi, maana najua ndiyo mliyoyasubiri. Kaanga kitunguu mpaka kilainike, weka kitunguu saumu na nyanya mbili, acha zivunjike kabisa, bizari kidogo, pilipili hoho, tui la nazi kikombe kimoja ukipenda. Jodari aingie mwisho, mwachanishe kwa uma, dakika mbili tatu mpaka achemke, kamulia ndimu, zima. Ukimweka mapema anakuwa nyuzi nyuzi, maana keshapikwa mara mbili kabla hajafika kwako. Kopo dogo moja na viazi viwili vilivyokatwa ndani ya rosti hiyo linatosha watu watatu kwa ugali au wali. Kama huna friji, pika kinachotosha hao waliopo, mle kiishe usiku huo huo.